Mvua ya Saa Kumi na Kioo cha Gari la Zamani

Mazungumzo kwa wenye magari, madereva na mafundi kabla ya msimu wa mvua ndefu



Kila mkazi wa Kisumu anaijua mvua ya saa kumi. Asubuhi jua huwaka hadi lami ikaonekana kama inacheza. Kufikia adhuhuri upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, ukapanda hadi milima ya Nandi na nyanda za juu za Kericho, na huko ukakutana na upepo wa mashariki. Hapo ndipo mawingu hujengeka. Alasiri anga la upande wa Nandi huwa limekuwa jeusi, na muda si mrefu mvua inashuka uwanda wa Kano ikielekea mjini. Haianzi kwa manyunyu. Inamwagika.

Nayo huanguka saa ambayo barabara imejaa. Watoto wametoka shule, akina mama wa soko la Ahero wanafunga mizigo, ng'ombe wanarudishwa nyumbani, boda boda zinakimbilia abiria wa mwisho, na trekta za miwa zinaburuta trela ambazo nyingine hazina hata taa moja ya nyuma. Kwa dereva aliye barabarani saa hiyo, nguvu ya injini haina maana sana. Anachohitaji ni kuona.

Mazungumzo ya leo yanahusu magari ya zamani: Peugeot 404 na 504, Volkswagen Beetle, Land Rover za Series, Ford Anglia, Datsun na Corolla za miaka ya 70. Bado yako mengi katika kaunti hii kuliko wageni wanavyodhani. Mengine yamerithiwa, mengine hutolewa Jumapili tu, na mengine bado yanabeba mahindi na mbuzi kila wiki. Wenyewe huyapenda, na wana haki.

Chukueni mfano wa mwalimu mmoja mstaafu. Gari lake ni Peugeot 504 ya mwaka wa 1978, ile ndefu ya familia. Injini inanguruma vizuri, breki zimetengenezwa, tairi ni nzima. Jioni moja ya Aprili alikuwa akirudi kutoka mazishini upande wa Awasi, amebeba watu sita waliolowa chapachapa. Mvua ilimkuta kabla ya Ahero. Akawasha waipa, nazo zikafanya kazi. Lakini kila zilipopita ziliacha utando mweupe juu ya kioo, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, na taa za lori lililokuwa likija zikatawanyika zikawa nyota mia. Ndani nako kioo kikaanza kushika ukungu. Mwalimu akachukua leso, akafuta kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika usukani. Mama aliyekaa nyuma yake akasema, "Mwalimu, kuna mtu na baiskeli hapo mbele."

Mwalimu hakuwa amemwona. Alikanyaga breki, gari likateleza kidogo, likasimama. Yule mtu akaendelea na safari yake na gunia lake la omena, bila kujua lolote. Umbali uliobaki kati yao haukufika hatua tano.

Kesho yake mwalimu alipeleka gari kwa fundi, akataka mota mpya ya waipa. Fundi akaitazama, akamwambia mota haina neno. Waipa hazikuwa zimeharibika. Kioo kilikuwa kichafu, nje na ndani, kwa uchafu usioonekana jua likiwaka.

Uchafu wenyewe watu wa ufuo huu wanaufahamu, ila hawauhesabu. Kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wasiouma, ambao hutoka majini kwa wingi, hasa karibu na mwezi mwandamo, wakapanda angani hata mgeni akadhani ni moshi wa kijiji kinachoungua. Gari likipita katikati yao usiku mmoja tu, kioo hupakwa mafuta ya miili yao. Kuna masizi ya miwa. Mashamba yanapochomwa kabla ya kukatwa, kuanzia Kibos na Miwani hadi Chemelil na Muhoroni, majivu meusi huelea na kutua popote, nayo yana ulaini wa sukari na mafuta. Kuna moshi wa dizeli wa malori. Halafu kuna kile kitambaa cha kijana wa kituo cha mafuta, ambacho asubuhi kilifuta kijiti cha kupimia oili na mchana kinafuta kioo cha mteja. Anafanya hivyo kwa nia njema, na pengine hupewa shilingi hamsini, lakini kazi aliyoifanya ni kupaka mafuta.

Ndani ya gari mambo si bora. Dashibodi ya plastiki ya zamani ikipigwa jua la Kisumu siku nzima hutoa mvuke unaotua kwenye kioo. Ikipakwa yale mafuta ya kung'arisha yanayouzwa na wachuuzi, mvuke huo huongezeka maradufu. Mwenye gari huona dashibodi inameta, hufurahi, na mvua ya kwanza inapoanguka hashiki sababu.

Jaribio ni rahisi na halina gharama. Gari likiwa kivulini, kioo kimwagiwe kikombe cha maji safi. Yakitandaa kama shuka moja na kuteremka pamoja, kioo ni safi. Yakijikusanya matone matone na kuacha njia kavu katikati, kuna mafuta. Hapo waipa mpya za bei yoyote hazitasaidia, kwa sababu zitayasambaza tu.

Kuosha kwenyewe hakuhitaji dawa kutoka Nairobi. Kwanza maji mengi, ili mchanga uondoke kabla ya kusuguliwa. Pili sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na sponji laini, hasa sehemu ya chini ambako waipa hupumzika na kona ambazo hazifikii. Kisha suuza mpaka povu liishe kabisa. Mwisho siki na maji kwa kiasi sawa, kioo kikaushwe kwa karatasi ya gazeti la zamani iliyokunjwakunjwa. Ndani ifanyike vivyo hivyo, ila kwa kitambaa kilichokamuliwa, ili maji yasiingie kwenye redio na nyaya. Raba za waipa nazo zifutwe kwa siki hiyo hiyo. Weusi utakaotoka utamshangaza mwenye gari. Majivu ya jikoni na ile mikwaruzo ya kusugulia sufuria vikae jikoni. Kioo cha 1970 kikishachanwa mistari, kila taa ya usiku itaivuta mistari hiyo, na kioo kingine cha aina ile si rahisi kupatikana.

Wazee wanajua pia hila ya kiazi. Waipa zikikwama safarini, nusu ya kiazi kibichi kilichokatwa hupakwa kioo kwa nje, nayo maji huteremka yakiwa yametandaa badala ya matone. Wengine walitumia tumbaku. Ni kweli inasaidia, kwa muda mfupi na kwa mwendo wa pole. Haitoshi kumfikisha mtu Kericho.

Mahali pa kuoshea gari panataka neno la peke yake. Kwa miaka mingi vijana wamesimama ziwani hadi magotini wakiosha magari kando ya mji, na wateja wamewapelekea magari hayo majini. Watafiti wa KEMRI wakishirikiana na wenzao wa CDC ya Marekani wamewafuatilia waosha magari wa Kisumu tangu miaka ya 1990, kwa sababu ya kichocho. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa maji, huogelea, na hupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi. Wengi wa vijana hao walitibiwa wakapona, wakarudi kazini majini, wakaambukizwa tena. Kwa hiyo gari la zamani linalovuja oili likiingizwa ziwani, ziwa linapata mafuta na kijana anapata kichocho, ili kioo kimoja kioshwe. Ndoo mbili za maji nyumbani zinatosha. Maji ya ziwa yasitiwe pia katika kitangi cha maji ya kioo. Yana ukijani unaoota ndani ya mpira mwembamba na kuziba vitundu, na fundi atatumia sindano nusu siku kuvizibua.

Sasa waipa zenyewe. Raba hufa kwa jua kabla ya kufa kwa kazi. Gari la zamani linaloegeshwa nje hapa kwetu wakati wa kiangazi huwa na raba iliyokauka na kujikunja upande mmoja. Ukucha ukipitishwa kwenye ukingo wake na kukwama, raba imekwisha. Fremu za magari haya ni fupi na nyembamba kuliko za magari ya leo, na mwenye duka atasema hazipo. Mafundi wengi huchomoa raba kutoka kwenye waipa mpya ndefu, wakaikata kwa kipimo na kuipitisha katika fremu ya zamani. Ni kazi halali, mradi upana wa raba ulingane na meno ya fremu na ncha zake zibanwe. Raba ikichomoka njiani, chuma hubaki kikikwaruza kioo, na dereva hugundua akiwa amechelewa.

Mkono wa waipa nao uangaliwe. Springi iliyochoka haibonyezi, kwa hiyo upepo wa mwendo huinua raba kutoka kwenye kioo. Dereva anaposema waipa hufuta vizuri mjini lakini zinakataa barabara kuu, mara nyingi tatizo ni springi hiyo. Tone la oili kwenye kigingi mkono unapozungukia, mara mbili kwa mwaka, huipunguzia mota mzigo.

Kuhusu umeme, mafundi wanajua, ila wateja huwakataza kwa kuogopa gharama: kabla ya kununua mota, safisha waya wa athi. Kutu kidogo pale waya unaposhikana na bodi hufanya waipa zitembee kama mzee anayepanda kilima. Magari yenye dainamo badala ya alteneta huchaji kidogo sana injini ikiwa taratibu. Dereva akiwa kwenye foleni na taa, waipa na feni vyote vimewashwa, betri ndiyo inayolipa.

Yako magari ambayo waipa zake hazitumii umeme kabisa. Ford Anglia ya miaka ya 50, kwa mfano, huvuta waipa kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Dereva akikanyaga mafuta sana, mvuto huo hupungua na waipa husimama. Yaani anapopanda Riat kuelekea Kakamega akiwa nyuma ya lori, akakanyaga ili apite, kioo kinafunikwa maji katika sekunde ile ile aliyohitaji kuona. Asiyelijua gari hilo hatakiwi kuliendesha mvuani. Anayelijua huondoa mguu kidogo, akaziacha waipa zipite, ndipo akaongeza, naye haombi kupita lori mlimani.

Land Rover za Series za mwanzo zina mota ndogo zilizofungwa kwenye fremu ya kioo, na nyingi zina kijiti cha kuzungusha waipa kwa mkono umeme ukikatika. Jambo hilo linarudisha waipa mahali zilipoanzia: Mary Anderson wa Marekani aliposajili uvumbuzi wake mwaka wa 1903, waipa yake ilivutwa na dereva kwa mkono kutoka ndani. Beetle nyingi nazo hurusha maji ya kioo kwa upepo wa gurudumu la spea. Mwenye Beetle ambaye maji hayarushwi asikimbilie kununua pampu. Aangalie kwanza kama spea ina upepo. Wapo waliogundua siku hiyo hiyo kwamba hawana maji ya kioo na hawana spea pia.

Ukungu wa ndani ndio uliomponza mwalimu zaidi. Watu sita waliolowa wanapumua, kapeti imelowa, madirisha yamefungwa. Nje mvua imekipoza kioo, na mvuke wote unakitafuta. Dawa ni hewa: dirisha lifunguliwe upana wa vidole viwili kila upande hata kama mabega yatalowa, na feni ielekezwe kwenye kioo. Hita isaidie.

Na hapa ndipo gari la Kisumu lilipokosewa tangu zamani. Kwa kuwa joto la mji huu halihitaji hita, mafundi wengi walikata mipira yake ilipoanza kuvuja, wakaunganisha moja kwa moja na kusahau. Mjini hakuna anayeona kasoro. Lakini Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na safari ya kwenda Nairobi hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 kwenye baridi ya Kericho na Londiani, penye mvua ya mawe na ukungu. Huko ndiko hita hutakiwa, na haipo. Wenye Peugeot wafungue boneti leo waone kama mipira ya hita inafika kwenye hita. Wenye Beetle wana hatari nyingine: joto lao hutoka kwenye mabati yanayozunguka mabomba ya moshi, na yakitoboka kwa kutu, moshi wa injini huingia ndani pamoja na joto. Moshi huo huua bila harufu kali. Beetle yenye kutu huko chini isafiri na madirisha wazi mpaka itengenezwe.

Maji ya kapeti hutoka wapi? Mara nyingi kwenye raba ya kioo cha mbele iliyokakamaa, au kwenye matundu ya kutolea maji chini ya kioo, yaliyozibwa na majani. Kidole kimoja na waya laini humaliza kazi hiyo.

Wazee waliofuatilia mashindano ya Safari watasema haya yote yalijulikana zamani, na ni kweli. Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1953, yakaitwa Coronation Safari, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, katikati ya mvua. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza na 7 yakamaliza. Mwaka wa 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, msaidizi wake akiwa Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404, gari lile lile ambalo mzee fulani hapa Nyando bado analo. Wale walikuwa na mafundi njiani. Dereva wa Ahero hana mafundi, na barabara anaitumia pamoja na watoto wa shule.

Hesabu ifanyike basi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Mota ya kasi moja inayopiga mara 40 kwa dakika hufuta kioo kila baada ya sekunde moja na nusu. Kati ya kufuta na kufuta, gari limepita mita 33 kwenye kioo kinachojaa maji. Kwa kilomita 40, umbali huo ni mita 17. Hakuna raba wala siki itakayobadilisha hesabu hiyo. Mwendo ndio unaoibadilisha.

Kuna mvua pia ambayo gari la zamani haliwezi, na dereva anatakiwa kusimama. Asimame nje kabisa ya lami, katika kituo cha mafuta au uwanja wa soko, si ukingoni na si chini ya mti, maana radi za huku si za kuchezea. Magari mengi ya enzi hizo hayana taa za dharura zinazomulika pande zote, kwa hiyo zile pembetatu mbili za kuakisi mwanga ziwe ndani na zitolewe. Maji yakivuka barabara pale Nyando inapofurika, asijaribu kupima kina kwa gari.

Sheria nayo haibagui umri wa gari. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka kila gari lililo barabarani, pamoja na vifaa vyake, liwe katika hali isiyohatarisha wengine. Kituo cha ukaguzi cha NTSA kipo hapa Kisumu, na mwenye shaka anaweza kupeleka gari lake kabla polisi hawajalisimamisha.

Mwalimu yule hakununua mota. Alisafisha kioo, akabadilisha raba, akaunganisha tena mipira ya hita, na sasa kila gari linapobeba watu waliolowa, yeye hufungua dirisha kabla hawajakaa. Yumo ukumbini leo, na gari lake liko nje chini ya mwembe. Fundi ameandaa ndoo mbili, sabuni, siki na magazeti ya wiki iliyopita, naye ataonyesha jaribio la maji kwa gari lolote litakaloletwa. Wenye Beetle waje na upepo kwenye spea. Mawingu ya upande wa Nandi yameanza kukusanyika, kwa hiyo maswali yataulizwa huko huko nje.